Bonge la damu linavyojengeka, na jinsi ya kulichungulia ndani

Jamani, ukimuuliza mtu damu inaganda vipi atakwambia imepigwa na upepo ikakauka, bas. Sio hivo. Bonge lililoganda ndani ya mguu wa mtu halijaguswa na upepo hata siku moja, na bado limekuwa gumu la kushikika. Damu haikauki, damu inajengeka. Nimeandika haya kwa ajili ya wanafunzi wa bayolojia hapa Malindi, na wauguzi wa zahanati za huku kwetu mpaka Lamu na visiwani, na yeyote yule aliyewahi kuambiwa hospitali kwamba ana bonge la damu akarudi nyumbani hajui ni kitu gani hasa. Ukifika mwisho nataka uwe unajua linavyojengwa, uweze kuliona kwa macho yako kwa njia ya salama, na uelewe watafiti wanafanya nini wanapolipeleka chini ya hadubini.

Na likukae hili moja kabla hatujaanza: swali sio damu imeganda au haijaganda, swali ni imeganda vipi. Mvuvi hawezi kukwambia chochote cha maana kuhusu wavu mpaka ajue unene wa uzi na upana wa macho yake, na bonge la damu ni hivohivo, ndani yake mna wavu wa kweli kabisa, una nyuzi, una macho, una mafundo, na hayo ndo yanayoamua bonge litashika mpaka kidonda kipone, au litakatika lipande na damu mpaka mapafuni, au litakataa kuyeyuka hata ukilipiga dawa.

Sasa tuseme uko jikoni unaparuza samaki, kisu kimeteleza. Kitu cha kwanza mshipa wenyewe unajibana ili damu ipungue kutoka. Alafu zinakuja chembe sahani, wengine wanaziita pletileti, vidude vidogo vya upana wa maikromita 2 au 3 hivi, na mtu mzima mwenye afya anazo kati ya 150,000 na 450,000 kwenye kila maikrolita moja ya damu. Zinaishi siku 7 mpaka 10 tu, muda wote huo zinapita mishipani bila kushika chochote kwa sababu ukuta wa ndani wa mshipa ni laini hauzishiki. Ukuta ukichanika, kolajeni ya chini yake, yaani protini ya nyuzi ngumu inayoshikilia nyama, inabaki wazi, na kuna protini ndefu sana inayoitwa fakta ya von Willebrand, jina la daktari wa Finland aliyeeleza mwaka 1926 ugonjwa wa familia ya visiwa vya Åland waliokuwa wakitoka damu kupita kiasi, hiyo protini inajinata pale kwenye kolajeni na kuzinasa chembe sahani zinapopita mbio. Zikinasa zinabadilika umbo, zinatoa vikono, zinamwaga kemikali za kuziita nyingine, mara pamejaa.

Lakini kizibo cha chembe sahani peke yake hakidumu. Kinataka wavu.

Wavu unaanza hivi. Nje ya mshipa, kwenye nyama, kuna protini inaitwa tishu fakta ambayo kwa kawaida haikutani na damu. Mshipa ukichanika zinakutana, na hapo mfululizo wa protini za kugandisha, zile zinazoitwa fakta na kuandikwa kwa namba za Kirumi, zinaamshana moja baada ya nyingine, nyingi zikifanyia kazi juu ya ngozi ya zilezile chembe sahani, na kalsiamu lazima iwepo la sivyo mambo yanasimama. Mwisho wa mfululizo anatoka fundi mwenyewe, kimeng'enya kinaitwa thrombini. Thrombini anaiendea faibrinojeni. Hii faibrinojeni inatengenezwa na ini na inaelea muda wote kwenye plazma, yaani yale majimaji ya damu ukiondoa chembe zake, gramu 2 mpaka 4 kwa lita, kila molekuli ina urefu wa kama nanomita 45, imeundwa na minyororo sita iliyopangwa wawiliwawili, katikati pana kinundu na kila mwisho pana kinundu. Pale kinundu cha kati pamefunikwa na vipande vidogo, thrombini anavikata, na chini yake yanatokea meno ambayo yanaingia sawasawa kwenye mashimo yaliyoko kwenye ncha za molekuli jirani.

Hapa ndo mimi napapenda zaidi. Molekuli hazijipangi kichwa kwa kichwa mstari mmoja, zinajipanga safu mbili, na safu ya pili imesogea nusu, yaani ncha za mbili za juu zinakutana juu ya kiuno cha ile ya chini. Zikifika urefu fulani hizo safu zinaanza kulaliana ubavu kwa ubavu, uzi unanenepa, unagawanyika matawi, matawi yanakutana na matawi mengine, na hapo sasa tunasema ni faibrini, wavu umeshasukwa. Anakuja fakta ya 13 kufunga mafundo ya kudumu, kemikali kabisa, sio ya kufunguka ukivuta. Na cha kushangaza ni kwamba kwenye bonge la plazma hiyo faibrini yenyewe haifiki hata asilimia 1, kilichobaki karibu chote ni maji, na bado ukipindua chupa halimwagiki.

Haijaisha. Chembe sahani zilizonasa ndani zinashika nyuzi na kuzivuta, bonge linajikaza na kukamua maji yake, na chembe nyekundu zilizokuwa katikati zinabanwa mpaka zinapoteza ule uduara wao zinakuwa na pembe na pande bapa, zimeshikana bila nafasi. Hilo umbo lilielezwa vizuri mwaka 2014 na kundi la John Weisel wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani, ambaye ameuchunguza muundo wa faibrini miaka mingi sana. Yaani kitu kiko mwilini mwa kila mtu na umbo lake linakuja kuelezwa juzi tu, kijana unayesoma hapa usidhani kila kitu kimeshagunduliwa.

Kidonda kikianza kupona, kimeng'enya kingine kinaitwa plazmini kinaingia kuukatakata wavu vipandevipande, na vipande hivo vinaingia kwenye damu. Vikumbuke, tutavirudia.

Kwa hivo ukijikata, ushauri unatoka humohumo kwenye muundo. Chukua kitambaa safi, bana kidonda kwa nguvu dakika 10 mfululizo bila kufunua kuchungulia, manake nyuzi bado changa hazijafungwa mafundo na kila ukifunua unazing'oa unaanza upya. Inua mkono juu. Usimwage kahawa wala majani ya chai wala majivu, havisuki wavu, vinaleta uchafu tu. Ikipita dakika 10 za kubana na damu bado inamwagika, au inaruka kwa mapigo, endelea kubana hivohivo na uende hospitali.

KUONA NYUZI KWA MACHO YAKO

Mwaka 1666 Marcello Malpighi wa Italia alichukua bonge la damu kutoka moyoni mwa maiti akalisuuza kwa maji mpaka wekundu ukaondoka, akaweka kilichobaki chini ya hadubini za wakati ule, akaona nyuzi nyeupe zimesukana. Hili zoezi unaweza kulifanya leo na wanafunzi wako bila mashine yoyote.

Utahitaji damu ya ng'ombe au mbuzi mbichi kabisa, inayotoka palepale. Nenda machinjioni alfajiri na umuombe mkaguzi wa nyama, na hapa sitaki mzaha hata kidogo: damu ichukuliwe kwa mnyama aliyekaguliwa tu, vaa glavu, barakoa na kitu cha kukinga macho, na ukisikia kuna tangazo la homa ya Bonde la Ufa au kimeta usifanye hili zoezi kabisa, subiri. Homa ya Bonde la Ufa inaingia kwa mtu kupitia damu ya mnyama, na watu wa Garissa na Tana River wanakumbuka 2006 na 2007 ilivowafanyia. Wale wanaojali unajisi wa damu, na ndo wengi wetu huku, glavu ndefu na aproni ya plastiki zinatosha, kila kitu unafanyia ndani ya ndoo na mwisho unaosha.

Uwe na vyombo vitatu. Cha kwanza ni ndoo na kijiti kikavu cha mti, chenye magamba kidogo sio laini. Damu ikishaingia tu anza kukoroga, usisubiri, koroga kama dakika 10 mfululizo. Utaona kijiti kinashika vitu kama makamasi mekundu, hayo ndo yenyewe. Toa kijiti, suuza kwenye maji mengi ukibadilisha maji, na taratibu wekundu unaondoka zinabaki nyuzi nyeupe. Zivute kwa vidole viwili, zinarefuka, achia zinarudi. Ile damu iliyobaki kwenye ndoo sasa ni nyekundu vilevile lakini haitaganda tena hata ukiiacha mchana kutwa, umeshaitoa faibrini yake. Wanafunzi wakiona hivo wanaelewa mara moja kwamba wekundu sio unaogandisha.

Chombo cha pili ni jagi la kioo, usikoroge, acha itulie. Ndani ya dakika chache itaganda, acha saa moja au mbili zaidi, utaona bonge linajitenga na ukuta wa kioo na pembeni yanatoka maji ya rangi ya manjano. Hizo ni chembe sahani zinavuta nyuzi, maji ya manjano ndo siramu.

Chombo cha tatu kiwe tayari na maji ya sodiamu sitreti ya asilimia 3.8, sehemu 1 ya sitreti kwa sehemu 9 za damu, changanya taratibu. Hii haitaganda, kwa sababu sitreti imeishika kalsiamu yote. Rudi nayo shule, mimina kidogo kwenye tyubu, ongeza matone ya kalsiamu kloraidi, uiweke kwenye maji ya vuguvugu la mwili, nyuzi joto 37, na usubiri. Ikiganda mbele yao umewaonyesha kazi ya kalsiamu kuliko maneno ya kitabu kizima. Ukimaliza, damu yote imwagiwe dawa ya klorini, ikae nusu saa kabla hujaimwaga chooni, glavu zichomwe.

CHUPA YA KIOO NA DAKIKA 20

Hili ni la wauguzi, sio la kujaribia nyumbani. Mtu ameletwa ameumwa na nyoka, hujui ni nyoka gani, maabara kubwa iko mbali au ni usiku. Kuna kipimo ambacho WHO, Shirika la Afya Duniani, inakipendekeza na hakitaki umeme: chukua mililita 2 za damu ya mshipani, tia kwenye tyubu ya kioo mpya, safi, kavu, iweke wima mahali pasipotikiswa, angalia saa, dakika 20. Alafu ilaze mara moja tu. Kama bonge limeshika, vizuri. Kama damu inatiririka kama maji, huyo mgonjwa damu yake imepoteza uwezo wa kuganda na anahitaji msaada wa haraka. Akipewa dawa ya sumu unarudia kipimo baada ya saa 6.

Watu wanaharibu kipimo hiki kwenye vitu vidogo. Lazima kioo, plastiki haifai, manake kioo chenyewe ndo kinachoamsha fakta ya 12 na kuanzisha mfululizo. Tyubu iliyooshwa kwa sabuni ikatumika tena inaweza kukudanganya, ukuta wake umeshaharibika. Na usiwe unaitikisatikisa kila dakika kuangalia kama tayari. Ukiwa na wasiwasi na tyubu zako weka na damu ya mtu mzima wa afya pembeni, zikae pamoja, uone.

Nyoka anayesifika kwa hili huku pwani ni boomslang, yule wa mitini mwenye macho makubwa. Sumu yake haizuii damu kuganda, inafanya kinyume, inaamsha thrombini kila mahali kwa wakati mmoja, wavu unasukwa hovyo kwenye mishipa yote mpaka faibrinojeni inakwisha, na ikishakwisha hakuna cha kusukia tena, mtu anatoka damu kwenye fizi, kwenye mkojo, ndani ya kichwa. Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka wa Chicago, aliumwa na boomslang mdogo mwaka 1957, hakutafuta matibabu, akawa anaandika dalili zake, kesho yake akafa kwa kutoka damu ndani. Dawa ya boomslang ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini, kwa hivo kama uko zahanati ya ndani ndani, tyubu ikikaa dakika 20 bila kuganda usipoteze muda, piga simu, panga gari au boti. Watamu pale pia kuna watu wa Bio-Ken wanaofuga nyoka na wanawajua vizuri.

Na kwa kuwa tumetaja fakta ya 12, kuna kisa cha John Hageman, mfanyakazi wa reli kule Marekani, ambaye mwaka 1955 daktari Oscar Ratnoff alieleza kwamba damu yake ilikuwa haigandi vizuri kwenye kioo lakini yeye mwenyewe hakuwa na shida ya kutoka damu. Alikosa fakta ya 12. Na alikuja kufa mwaka 1968 kwa bonge la damu lililopanda mapafuni. Kwa hivo kioo kinakupa habari muhimu lakini mwili una njia yake, ndo maana tishu fakta nimeitangulia kuitaja mimi.

WATAFITI WANAVYOLIFUNGUA BONGE

Sasa tuingie kwenye maabara za utafiti. Watu wanadhani ni kuweka bonge chini ya hadubini na kuangalia, ingekuwa hivo ingekuwa rahisi. Bonge nzima ni jekundu na zito, mwanga haupiti, kwa hivo mara nyingi wanaanza na plazma.

Damu inatolewa kwa sindano moja safi bila kuhangaisha mshipa, mpira wa kufungia mkono usikae sana, inaingia kwenye tyubu ya kifuniko cha buluu yenye sitreti ya asilimia 3.2, ijae mpaka alama ili uwiano wa 9 kwa 1 ubaki, inapinduliwa taratibu mara tatu nne. Muuguzi ukijaza nusu umeharibu jibu la mgonjwa, sitreti inakuwa nyingi kuliko damu na kipimo kinasema anachelewa kuganda kumbe mzima. Inazungushwa kwenye sentrifuji kama dakika 15, chembe zinashuka, plazma inabaki juu.

Kuanzisha bonge wanaongeza kalsiamu na thrombini kidogo. Na hapa ndo siri ilipo, soma mara mbili: thrombini ikiwa kidogo nyuzi zinakuwa nene na macho mapana, thrombini ikiwa nyingi nyuzi zinakuwa nyembamba, nyingi, zimesongamana, macho madogo. Plazma ileile, mtu yuleyule, wavu tofauti. Chumvi, uchachu, joto, wingi wa faibrinojeni, vyote vinabadilisha. Ndo maana mtafiti asiyeandika kiasi chake cha thrombini na joto la chumba, picha zake hazilinganishiki na za mwingine hata ziwe nzuri namna gani.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni ya mwanga. Unaweka plazma kwenye kisahani chenye visima, mashine inapitisha mwanga wa urefu wa wimbi nanomita 350 au 405 na kusoma kila sekunde kadhaa. Mwanzo mstari umelala, hizo ni safu mbili mbili zinajengeka bado hazijalaliana. Alafu unapanda ghafla, hapo nyuzi zinanenepa. Alafu unatulia juu. Nyuzi nene zinatawanya mwanga zaidi, kwa hivo urefu wa mstari unakupa fununu ya unene bila ya kuona uzi hata mmoja. Ukiongeza dawa ya kuyeyusha, tPA, mstari unashuka tena na unahesabu imechukua muda gani.

Ya pili ni ya kupitisha maji. Bonge linatengenezwa ndani ya kijibomba, maji ya chumvi yanasukumwa kwa uzito unaojulikana, unakusanya yanayodondoka chini na kupima. Macho yakiwa mapana yanapita haraka. Hesabu yake ni sheria ya Henry Darcy, mhandisi wa Ufaransa aliyeitoa mwaka 1856 akipima maji yanavyopita kwenye mchanga, yaani sheria hiyohiyo inahesabu maji yanavyochujika kwenye vilima vya mchanga vya Shela kwenda kwenye visima vya Lamu. Mimi nilipoikuta kwenye mambo ya damu nilifurahi sana.

Alafu picha. Zipo namna mbili kubwa na kila moja ina lake. Hadubini ya konfoko inatumia faibrinojeni iliyopakwa rangi ya kung'aa, unachanganya kiasi kidogo na plazma, bonge likiwa bichi na majimaji yake unalipiga picha tabaka kwa tabaka, unapata wavu mzima kwa pande tatu na unaweza hata kuutazama unavyosukwa au unavyoyeyuka. Ila uzi mmoja mmoja hauupimi sawasawa, ni mwembamba kuliko inavyoweza kutenganisha.

Ukitaka unene wa uzi unaenda kwenye hadubini ya elektroni. Lakini ile inafanya kazi kwenye ombwe, haina hewa, kwa hivo lazima bonge likauke bila kunywea, na kulikausha ndo kazi yenyewe. Unalikaza kwanza kwa kemikali inayoitwa glutaraldehaidi, unaliosha, unaliingiza kwenye alkoholi ya asilimia 30, 50, 70, 90, mpaka 100, kila hatua linakaa, usiruke, ukiruka linajikunja. Kisha linaingia kwenye mashine inayobadilisha alkoholi kwa kaboni dioksaidi na kuipitisha nyuzi joto 31 chini ya mgandamizo wa zaidi ya mara 70 wa hewa yetu, pale kimiminika kinageuka gesi bila kuchemka wala kuvuta nyuzi. Linapakwa tabaka jembamba la dhahabu, ndo linaingia. Picha zikitoka wanapima mamia ya nyuzi kwa programu kama ImageJ, ambayo ni ya bure, mwanafunzi yeyote mwenye laptopu anaweza kujifunza. Na hata ukifanya kila kitu sawa, kukausha kunapunguza unene kidogo, kwa hivo unalinganisha bonge na bonge mwenzake lililokaushwa pamoja nalo, sio na namba ya kitabuni.

Ndani ya uzi wanaingia kwa eksirei. Ukiupiga unaona mpangilio unaojirudia kila nanomita 22.5, na ukikumbuka molekuli moja ina 45, umeshaelewa: ndo ile safu iliyosogea nusu niliyoisema mwanzo. Huwezi kuiona kwa jicho tupu, lakini namba imejisema.

Nguvu nayo inapimwa. Hellmut Hartert wa Ujerumani mwaka 1948 alitengeneza kifaa ambacho kikombe cha damu kinachezacheza polepole na ndani kinaning'inia kijiti, damu ikiwa majimaji kijiti kimetulia, nyuzi zikishika kikombe na kijiti vinacheza pamoja, na mchoro unaonyesha bonge limeanza lini, limekuwa gumu kiasi gani, limeanza kuyeyuka lini. Watoto wa kifaa hicho wako kwenye vyumba vya upasuaji mpaka leo. Na mwaka 2006 kundi la Martin Guthold wa Chuo Kikuu cha Wake Forest kule Marekani lilichukua uzi mmoja tu wa faibrini likauvuta kwa ncha ya hadubini ya nguvu ya atomu, ukarefuka ukapita mara 3 ya urefu wake kabla ya kukatika. Uzi mwembamba kuliko unywele mara mamia, subhanallah.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu wagonjwa wengi waliopata mshtuko wa moyo wamekutwa na wavu uliosongamana, nyuzi nyembamba nyingi na macho madogo, na wavu huo unachelewa kuyeyuka. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, uzi mwembamba mmoja peke yake unakatika haraka kuliko mnene, lakini zikiwa nyingi zimebanana dawa haipenyi, kazi inakuwa ndefu. Siku hizi madaktari wa kiharusi kwenye hospitali zenye vifaa wanaweza kuingiza waya mpaka kichwani wakalitoa bonge zima, na pale panapofanywa utafiti bonge hilo halitupwi, linakatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi tatu, faibrini inatoka nyekundu, chembe nyekundu zinatoka njano, kolajeni buluu. Wanaona kama ni la chembe nyingi au la nyuzi nyingi, na hilo linawasaidia kujua kwa nini moja lilitoka kirahisi na lingine lilikataa.

AROBAINI, BASI NA NDEGE

Rudolf Virchow wa Ujerumani, naye mwaka 1856, aliandika kuhusu mabonge yanayokatika na kusafiri, na mpaka leo tunahesabu sababu tatu kwa jina lake: damu kusimama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Kina mama waliojifungua wanakuwa nazo mara nyingi zote tatu. Wakati wa ujauzito mwili unapandisha faibrinojeni na fakta nyingine ili kuzuia damu isimwagike siku ya kuzaa, ni rehema, lakini haishuki siku hiyohiyo. Hatari ya bonge iko juu zaidi kwenye wiki 6 za mwanzo, ambazo karibu ndo arobaini yetu kamili, na arobaini kwetu mama analazwa, anakandwa, haruhusiwi kuinuka. Mama zetu na bibi zetu, kumhudumia mzazi ni jambo zuri sana, endeleeni, lakini mwacheni atembee ndani ya nyumba na uani mara kadhaa kwa siku, anywe maji, hasa kama amefanyiwa upasuaji. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma usiukande kwa nguvu, unaweza kulikata bonge likasafiri.

Basi la kutoka Mokowe mpaka Mombasa, au ndege ya kwenda Hija, ni mambo ya kukaa magoti yamekunjwa masaa. WHO ilitoa mwaka 2007 kwamba safari ya zaidi ya saa 4 inakaribia kuongeza hatari mara mbili, ingawa kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo, kama 1 kati ya 6,000. Gari likisimama shuka, ndani ya ndege kunja na kunjua vifundo vya miguu, misuli ya mashavu ya miguu ndo inayosukuma damu irudi juu. Mwenye selimundu, mwenye saratani, na aliyewahi kupata bonge, azungumze na daktari kabla ya safari.

Ukiwekwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, jua kwamba haiyeyushi bonge lililopo, inazuia lisiongezeke wakati plazmini yako mwenyewe inafanya kazi ya kukata. Kwa wengi INR, yaani kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na mchicha na kisamvu vina vitamini K kwa hivo kula kiasi kilekile ulichozoea, usiache ghafla wala usizidishe ghafla.

Mguu mmoja kuvimba, kuuma, kuwa na joto. Au pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu, hospitali siku hiyohiyo, usiku pia. Wataweza kukupima D-dimeri, na sasa utajua ni nini: ni kile kipande cha wavu uliofungwa mafundo na fakta ya 13 kisha ukakatwa na plazmini, kikiwa kingi maana yake mahali fulani mwilini kuna bonge limejengwa na linabomolewa. Kikiwa kidogo na dalili zako hazina uzito, wanaweza kuliondoa bonge kwenye mawazo. Ila kwa mjamzito na aliyejifungua karibuni kinapanda chenyewe, kwa hivo dada yangu ukiwa kwenye arobaini na mguu umevimba, usitosheke na hicho, omba ultrasaundi ya mguu.